Pini ya Nne

Mkate ulikuwa ndani ya mfuko wake, mdomo wa mfuko umekazwa kwa kijiwaya kama ulivyotoka dukani, na ulikuwa umekatwa.

Haukuwa mkate wa kununuliwa ukiwa umeshakatwa. Mke wa Lenzi alinunua mkate mzima tangu alipoolewa, kwa sababu mumewe hakukubali mtu mwingine amkatie. Asubuhi hiyo ya Ijumaa aliufungulia mezani, mbele ya mumewe na binti yao, na mkate ukamporomokea mikononi: vipande kumi na viwili, vyembamba, vyote unene mmoja, bila hata punje ya makombo chini ya mfuko.

"Umeshakata mkate, mzee?"

"Nimekatia wapi, na mfuko unaufungua wewe sasa hivi?"

"Basi mkate wa siku hizi unajihudumia wenyewe," binti alisema, akachukua kipande cha juu.

Wakacheka, wakaula. Ndiyo, waliula. Mtu akiwa na njaa na chai inapoa, haulizi maswali mengi. Ila mama alikinusa kipande chake kabla ya kukitia mdomoni. Kilikuwa na harufu ya chuma cha moto kilichochovywa kwenye maji, na alikitafuna polepole huku akiwatazama wenzake kama nao wameisikia.

Lenzi alikuwa fundi saa. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya lenzi yake nyeusi ya kukagulia, ile ya kubana kwenye jicho, ambayo aliivaa juu ya paji la uso hata kwenye misiba. Saa zilikuwa kazi yake, lakini roho yake ilikuwa kwenye visu vya zamani vya kukunja, vile vya kutia mfukoni. Alikuwa navyo mia tatu na kumi na viwili, vimelazwa kwenye visanduku vyenye kitambaa cha kijani, kila kimoja kwenye shimo lake. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alivishonea vijifuko. Kwa miaka arobaini Lenzi alivitafuta kwenye vyuma chakavu na kwenye nyumba za marehemu, akavitambua kimoja kimoja: nani alikitengeneza, lini, kwa pembe au kwa mfupa. Kisu hutambulika kwa chapa, na chapa hupigwa kwenye shina la ubapa, pale unapoingia mpinini. Kikifungwa huioni. Ni lazima kifunguke.

Mkewe alizaa mara moja tu, baada ya miaka kumi na miwili ya kungoja, na siku hiyo Lenzi alichelewa kufika hospitali kwa sababu alikuwa akikitoa kutu kisu cha baharia. Lakini alimpenda mtoto. Hilo nalisema wazi mapema, kwa kuwa huko mbele mtakuwa na shaka. Binti huyo walimwita Mwanya, kwa ule mwanya wa meno ya mbele uliowafanya watu wamchekeshe makusudi ili wauone. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, muuguzi aliyemaliza masomo, na Alhamisi iliyokuwa inakuja alikuwa anasafiri kwenda mji mwingine kuanza kazi. Sanduku lake lilikuwa limeshashushwa kutoka juu ya kabati.

Kisu kilicholeta haya yote Lenzi alikikuta Jumanne ya wiki hiyo kwenye kopo la misumari iliyopinda, kwa muuza chuma chakavu. Mpini wa pembe nyeusi, mzito, baridi hata baada ya kukaa mfukoni mwake tangu saa nne hadi adhuhuri. Visu vya aina ile huwa na pini tatu za shaba. Hiki kilikuwa na nne. Ile ya nne ilikuwa ya chuma, imepenya mpini, ikatoboa ubapa katikati, ikatokea upande wa pili, na imegongwa ncha zote mbili zikatandazika. Mtu mwingine yeyote angejiuliza ni nani aliyekipigilia kisu kisifunguke tena, na alikuwa na sababu gani. Lenzi alijiuliza kina chapa ya nani.

Jumatano mchana, dukani kwake, aliitoboa ile pini kwa keekee ndogo. Ilipodondoka, kisu kilifunguka chenyewe. Ubapa ulikuwa unang'aa kama kijiko cha mgeni, bila doa la kutu, na duka zima likajaa ile harufu ya chuma cha moto. Kwenye shina palikuwa na chapa: upinde mwembamba kama kipande cha ukucha kilichokatwa, umegeukia kushoto, na nukta tatu chini yake. Akaichora kwenye daftari lake la chapa, lenye chapa zaidi ya mia nne, akapekua ukurasa hadi ukurasa. Haikuwemo. Akapekua tena. Haikuwemo, na Lenzi aliumia kama mtu aliyetukanwa hadharani. Hakumwonyesha mkusanyaji mwenzake yeyote, maana wakusanyaji hawaonyeshani kitu kabla ya kukijua jina. Akakiweka mfukoni, akaenda nacho nyumbani.

Majini ya kwenye hadithi hungoja usiku. Hili la ndani ya kisu lilifanya kazi saa za kazi.

Jumamosi, mchana kweupe, mama aliketi kwenye cherehani yake sebuleni akavuta uzi, na uzi ukaja kipande chenye urefu wa kidole. Akavuta tena, kidole kingine. Alifungua droo ya nyuzi: zote, rangi zote, zilikuwa zimekatwa vipande vilivyolingana, lakini zimebaki zimejizungusha kwenye vigurudumu vyake vizuri, kana kwamba hazijaguswa. Akanyanyua kitambaa cha mteja, mita tatu za bluu alizokuwa amezikunja jana yake. Kilikuwa kimekatwa pia. Akakitandaza sakafuni.

Ilimchukua muda kuelewa anachokitazama, ingawa mchoro ulikuwa wake mwenyewe. Ulikuwa mfuko wa kisu. Mgongo mrefu, mbavu mbili, mfuniko wa kukunjia juu wenye mviringo, hata ile pembe ndogo ya kushoto ambayo yeye peke yake huikata vile. Ameshona mamia ya mifuko ile, kila mmoja mrefu kama kiganja. Huu ulikuwa umeenea kutoka mlangoni hadi miguuni mwa cherehani. Alichukua futi akapima, kisha akapima tena. Sentimita mia moja sitini na nne.

"Mwanya," aliita kwa sauti ndogo. "Hebu njoo usimame hapa, mwanangu."

"Unanipima tena? Sijanenepa bwana."

"Simama tu."

Sentimita mia moja sitini na nne. Mama alikikunja kitambaa haraka, akasema ni gauni la kusafiria, akaenda jikoni akanywa maji akiwa amesimama.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Lenzi alikwenda dukani kumalizia saa ya mtu. Mama alikuwa cherehanini. Mwanya alikuwa chumbani kwake, amelala kifudifudi kitandani, dirisha wazi, jua limepiga mgongoni. Alisikia kitu kikifunguka, tk, na kufungika, tk. Akadhani ni mkasi wa mama. Kisha kitanda kikabonyea upande wa miguuni, kama mtu amekaa, na harufu ya chuma ikamjia, na akasikia sauti ya baba yake ikinong'ona, ile sauti ya chini ya kujisemea ambayo ameisikia tangu utotoni kupitia mlango wa chumba cha visu.

"Mfupa," ilisema. "Mweupe. Hauna ufa."

Alitaka kugeuka lakini hakuweza. Mwili haukumtii, hata kidole cha mwisho. Vidole vya baridi vilimshika kifundo cha mguu, vikauinua mguu taratibu, vikaukunja gotini mpaka kisigino kikagusa paja, vikauachia urudi wenyewe, halafu vikaukunja tena, mara tatu, kama baba yake anavyojaribu springi ya kisu, na baada ya kila mara ile sauti ikasema, "Imekaza. Nzuri sana, imekaza," halafu wakahamia mguu wa pili, ile sauti na vile vidole, kisha mkono, kisha mkono mwingine, wakikikunja kiwiko hadi kilipokuwa kinakataa na kupita pale kinapokataa, bila haraka, bila chuki, bila chochote, na Mwanya, ambaye mdomo wake ulikuwa umezama kwenye mto, alilia ndani kwa ndani machozi yakiingia kwenye foronya, mpaka nywele zake ziliponyanyuliwa kutoka shingoni na kuwekwa pembeni kwa upole, na ile sauti ikakaribia kiasi cha kuhisi haina pumzi, ikasema, "Sasa tuone shina."

Sebuleni mama alisimamisha cherehani. Alimsikia mumewe akinong'ona chumbani kwa binti, akakasirika. Amerudi saa ngapi, na anafanya nini kwenye chumba cha mtoto mkubwa? Akainuka kwenda kumfokea. Alipopita dirishani aliona geti likifunguka. Mumewe alikuwa anaingia kutoka barabarani, lenzi kwenye paji la uso, mkate mzima umebanwa kwapani, akifunga geti kwa kisigino. Na chumbani sauti yake ilikuwa inaendelea kunong'ona.

Mama aligeuka. Alipiga moyo konde akausukuma mlango.

Chumbani hapakuwa na mtu ila Mwanya. Miguu yake ilikuwa imekunjwa mgongoni na mikono imekunjwa mbavuni, yote kupita kiasi cha mwili wa mtu, na ilikuwa inakunjuka taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine. Alipoweza kupiga kelele alipiga. Mama alimkumbatia, na juu ya bega lake akaona shingo, pale chini kabisa inapoingia mgongoni. Kulikuwa na upinde mwembamba na nukta moja, vimezama kwenye ngozi. Havikutoka damu. Vilionekana vya zamani, kama kovu la utotoni.

Lenzi aliingia mbio, mkate bado uko kwapani. Akaona shingo. Aliijua ile chapa, angekosaje kuijua, na jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kumuuliza mwanawe kama anaumwa, ni kuishusha lenzi kwenye jicho na kuinama. Mkewe alimchapa kofi lenzi ikaruka chini ya kitanda.

"Umeleta nini humu ndani?" alimwuliza, na hakupaza sauti. "Baba Mwanya, umetuletea nini?"

Akawaambia. Mama alikichukua kile kisu kwenye kisanduku, akakifungia kwenye tambara, akakitumbukiza chooni na ndoo mbili za maji juu yake. Waliporudi chumba cha visu kilikuwa kwenye shimo lake la kitambaa cha kijani, kikavu, kimefungwa vizuri.

Jumatatu, saa sita mchana, mama na baba wakiwa wamemshika mikono binti yao huku na huku, nukta ya pili ilijitokeza. Waliiona ikizama kwenye ngozi bila kitu chochote kuigusa. Mwanya aliuma midomo.

"Baba, litoe," alisema. "Wewe si fundi? Litoe tu."

Siku za Jumatatu mtaani hupita mama mmoja mnoaji, mzee mwenye misuli ya shingo kama kamba, na baiskeli yenye jiwe la kunolea linalozungushwa kwa pedali. Humnolea mke wa Lenzi mikasi. Siku hiyo alisimamisha baiskeli getini kama kawaida, akaanza kukanyaga, na jiwe likakataa kuzunguka. Alikanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unakwenda, jiwe limeganda. Akashuka, akainua pua.

"Nani kaitoa pini?" aliuliza.

Lenzi alitoka nje na kile kisu kwenye sahani, maana hakutaka tena kukigusa. Mnoaji hakukipokea.

"Mimi, mama."

"Ulikuwa unataka kukatia nini?"

"Hapana, sikutaka kukata kitu. Nilitaka kuona chapa tu."

Yule mzee alicheka, na kicheko hakikuwa na raha. "Mwizi angeniambia alitaka kumchoma mtu, ningemwelewa. Ninyi wa kutaka kuona tu ndio mnaotumaliza." Akawageukia mama na Mwanya waliosimama mlangoni. "Ana ngapi?"

"Upinde na nukta mbili," mama alisema.

"Basi sikilizeni, na msinikatize, maana naogopa kama ninyi. Hilo halinywi damu wala halitaki ubani. Linakusanya. Kama huyu bwana anavyokusanya visu vyake, lenyewe linakusanya watu. Linamfungua mtu, linamkunja, linamkagua, likimpenda linampiga chapa. Chapa ikikamilika linaweka mali yake linapoweka. Marehemu baba yangu aliingia nyumba moja hivyo. Alikuta kitanda kimetandikwa, shuka halina kunjo hata moja, mwenye kitanda hayupo na hakuonekana mpaka leo."

"Nukta ya tatu lini?" Lenzi aliuliza.

"Kesho saa sita, ni lini tena? Chukua tupa uifute chapa kwenye chuma. Wewe, kwa mkono uleule uliotoa pini. Isibaki hata mkwaruzo wake. Halafu nitarudisha pini mimi na kuondoka nacho. Uliichora mahali?"

"Kwenye daftari."

"Choma." Alimtazama machoni. "Nisikilize vizuri, fundi. Chapa ndiyo mkono wake humu duniani. Ukiifuta yote, limekosa mkono, mtoto amepona. Ukibakisha nakala yake popote, itahamia humo, na mtoto atahamia nayo. Hapo usinitafute. Nitakuwa sina cha kukufanyia."

Lenzi alileta daftari, akachana ule ukurasa mbele yao, akauchoma juu ya kibaraza na kukanyaga majivu. Mkewe alimshika bega. Ilikuwa miaka mingi hajamshika hivyo.

"Nikae na wewe ukiifuta?"

"Kaa na mtoto," alisema. "Mkono utanitetemeka mkinitazama."

Akaingia chumba cha visu, akafunga mlango, akakibana kisu kwenye jiliwa, akachukua tupa. Alikusudia kuifuta. Naapa alikusudia. Alifikiria shingo ya mwanawe na machozi yakamlenga. Lakini kabla ya kuweka tupa kwenye chuma aliitazama chapa mara ya mwisho, na akawaza kwamba baada ya dakika tano hakutakuwa na mtu yeyote, hapo wala pengine, atakayejua ilikuwaje. Amefanya kazi hii miaka arobaini. Wapumbavu walioziondoa chapa za visu kwa msasa alikuwa akiwatukana matusi ya nguoni. Hii ilikuwa chapa pekee iliyomshinda.

Mezani palikuwa na nta, ile laini ya kushikia skrubu za saa. Akamega donge la ukubwa wa kifungo, akalibandika juu ya chapa, akalikandamiza kwa gumba lake la kulia, gumba pana lililochongwa mfereji na bisibisi, akalibandua. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Hii si nakala, alijiambia. Nakala ni mchoro. Hii ni nta tu, na hataionyesha kwa mtu. Akaitia kwenye kikopo cha skrubu, akaanza kupiga tupa.

Kisu kililia. Kililia kama paka aliyebanwa na mlango, na Lenzi akapiga tupa machozi yakimtiririka, na kila alipovuta alisikia Mwanya akilia chumbani kwake, halafu akilia kidogo, halafu kimya, halafu mama akipiga vigelegele kama mwendawazimu. Alipofungua mlango walimwangukia wote wawili. Shingo ilikuwa safi. Mnoaji akagonga pini mpya ya chuma, ncha hii na ncha ile, akakifunga kisu kwenye ngozi. Wakataka kumpa kitu, akaomba maji ya kunywa tu. Jiwe lake lilizunguka tangu pedali ya kwanza.

Jumanne waliketi watatu mezani kuanzia saa tano na nusu, mikono imeshikana, wakitazama saa ya ukutani. Saa sita ikapita. Saa sita na robo ikapita. Mwanya alijishika shingo, akacheka ule mwanya wake wote ukaonekana, na mama akalia mpaka akaona aibu. Lenzi naye alilia. Walipoondoka mezani aliingia chumba cha visu dakika chache, kupanga vitu.

Jumatano alasiri, mabegi yakiwa tayari mlangoni, Mwanya aliketi sakafuni katikati ya magoti ya mama yake ili asukwe nywele za safari. Walikuwa wanabishana kama abebe blanketi au anunue huko huko. Mama aligawa nywele za kisogoni, akashuka na kitana, na kidole chake kikapita juu ya kitu shingoni. Mikono ikasimama.

Chapa ilikuwa pale, na nukta zake zote tatu. Lakini haikuwa imezama tena. Ilikuwa imeinuka juu ya ngozi, kama inasukumwa kutoka ndani, na ule upinde, uliokuwa ukigeukia kushoto, ulitazama kulia. Ngozi pale ilikuwa na rangi ya manjano, imepoa, inateleza. Na kuzunguka chapa yote, kwenye nyama ya shingo, kulikuwa na mistari midogo midogo ya duara, mmoja ndani ya mwingine, yenye mfereji ulionyooka katikati.

Mama alikuwa ameushika mkono wenye gumba lile kwa miaka thelathini na mitano. Hakuhitaji lenzi.

"Mbona umenyamaza?" Mwanya aliuliza. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Jasho tu. Ningoje kidogo nilete mafuta."

Alitembea taratibu hadi chumba cha visu, akafungua mlango bila kubisha. Lenzi alikuwa mezani, lenzi jichoni, daftari limefunguliwa mbele yake. Alistuka akafumba kiganja.

"Fungua mkono."

"Mke wangu, nilikuwa nata—"

"Fungua mkono, mzee."

Akafungua. Kilikuwa kidonge cha nta, upande mmoja kimechorwa upinde ulioinuka, upande wa pili alama za gumba. Mama alikichukua. Kilikuwa chepesi, hakina uzito wa punje ya maharage.

"Nilitaka kuijua tu," Lenzi alisema. "Nikishaijua ningekiyeyusha. Wallahi ningekiyeyusha leo leo."

"Gumba lako liko shingoni kwa mwanangu."

Lenzi hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alikumbuka neno kwa neno alivyoambiwa getini. Macho yake yakashuka kwenye mkono wa mkewe, ambao ulikuwa umefumbwa na kuinuliwa, ngumi ya mshonaji, yenye nguvu, yenye joto la mtu anayetaka kulia na kuua kwa pamoja.

"Kwa ajili ya hiki?" mama alisema, na kila neno ngumi ilikaza. "Miaka kumi na miwili nilimngoja. Kwa ajili ya hiki?"

"Usikaze!" Lenzi alipiga ukelele, kiti kikaanguka nyuma yake. "Usikaze mkono! Mama Mwanya, nakuomba, usikaze!"

Sebuleni binti yao aliita, bila hofu, kama mtu anayeomba dirisha lifunguliwe.

"Mama, mbona kuna joto hivi?"

Mama akafungua ngumi. Nta ilikuwa imelainika, imeingia katikati ya vidole vyake, na ule upinde haukuwa na upande wa kushoto tena. Aliunyoosha mkono mbele yake bila kuthubutu kuukunja wala kuutikisa, akamtazama mumewe, na mumewe akaitazama nta. Sebuleni Mwanya aliita tena, na neno likatoka nusu.